Sahani ya Mama Tshibola

Kila Jumamosi Falonne alikuwa na kazi moja ambayo hakungoja kutumwa mara ya pili. Kazi nyingine, kama kusugua masufuria au kumbeba mdogo wake mgongoni, alizifanya huku amenuna. Hii aliifanya mbio mbio, na mama yake alikuwa akimpigia kelele nyuma, "Polepole, utamwaga!" Ilikuwa kazi ya kupeleka sahani kwa jirani.

Jirani mwenyewe alikuwa Mama Tshibola, mke wa Tata Tshimanga. Nyumba zao zilitazamana katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, mtaa wa Manika, mjini Kolwezi. Tata Tshimanga na Tata Kabemba, baba yake Falonne, walifanya kazi karakana moja. Mama zao walianika nguo kamba moja. Falonne na Jocelyne, binti wa Mama Tshibola, walikaa dawati moja shuleni, na mwalimu alikuwa amechoka kuwaambia waache kunong'ona.

Mama Ernestine, mama yake Falonne, alipika bukari, ugali mweupe wa mahindi matupu, na ndakala, wale samaki wadogo wa kukausha, waliokaangwa na nyanya. Alifunika sahani kwa sahani nyingine, na Falonne akavuka njia. Saa chache baadaye Mama Tshibola naye alipeleka sahani yake. Ndani yake mlikuwa na bidia, ugali wa Wakasai wa mahindi na muhogo, wenye rangi ya manjano na unaonata kidogo vidoleni, pamoja na majani ya muhogo waliyoyaita matamba. Kurudisha sahani ya mwenzako ikiwa tupu ilikuwa aibu ambayo mama hao wawili hawakutaka kabisa kuijua. Kama hakuna chakula, basi weka hata ndizi moja au pilipili mbili tatu.

Falonne alipenda bukari ya mama yake, lakini bidia ya Mama Tshibola aliipenda zaidi, na hilo hakumwambia mama yake. Jumamosi moja alimwomba Jocelyne amfundishe.

"Angalia muzuri, Falo," alisema Jocelyne, akiwa ameinama juu ya sufuria. "Bunga ya mahindi inaingia kwanza. Unaacha ichemuke. Kisha unatosha sufuria ku moto, unaiweka chini, unaishika na miguu, njo unatia bunga ya muhogo. Umesikia?"

"Nimesikia," alijibu Falonne. Alikuwa hajasikia kitu. Macho yake yote yalikuwa kwenye chungu cha matamba kilichokuwa kikitokota pembeni, na mate yalikuwa yamemjaa mdomoni.

Hiyo ilikuwa kabla mambo hayajaharibika.

Mwaka huo wa 1993 mgodi ulikuwa umedorora. Mishahara ilichelewa mpaka watu wakaona haya kuiulizia, na unga ambao wafanyakazi walizoea kupewa kazini ukakoma. Ndipo yakaanza maneno, kwanza barabarani, kisha sokoni, kisha hata kwenye ngazi za kanisa. Eti wa kulaumiwa ni Wakasai. Eti warudi kwao. Kwao wapi? Babu yake Jocelyne ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Tata Tshimanga alizaliwa hapa hapa Kolwezi, na Jocelyne hakuwahi kuiona Kasai hata kwa picha.

Jumamosi moja mchana, watoto walikuwa wamepanga ndoo zao bombani. Joyeuse, msichana mwenye mdomo mwepesi kuliko wote wa mtaa ule, alimgeukia Falonne mbele ya watu.

"Falonne, banasema weye unakulaka kwa bale Bakasai. Ni kweli?"

Watoto wote wakamtazama. Falonne alihisi masikio yakimchoma. Angeweza kusema ndiyo. Angeweza hata kunyamaza. Badala yake akacheka kicheko cha juu juu.

"Mi? Hapana! Sijakulaka kwabo hata siku moja. Ile bidia yabo inanuka."

Wote wakaangua kicheko. Falonne alipogeuka kuchukua ndoo yake, alimwona Jocelyne amesimama nyuma yake, kata ya kujitwishia ikiwa bado kichwani. Jocelyne akasogea bombani. Alijaza ndoo yake, akajitwisha mwenyewe bila kuomba msaada, akaondoka. Maji yalimmwagikia begani njia nzima, na hakuyafuta.

Jioni ile sahani ilikuja kama kawaida. Ilikuwa ile sahani nyeupe ya bati yenye ua la buluu katikati. Lakini aliyeileta alikuwa Mama Tshibola mwenyewe.

"Jocelyne anaumwa kichwa," alisema, akamwekea Falonne mkono shavuni. "Kula, mwana wangu. Leo matamba imetoka muzuri."

Falonne hakuweza kula. Alikata tonge moja, akalirudisha sahanini, akasema ameshiba, akaenda kulala mapema. Alipanga kwamba asubuhi atakwenda kuomba msamaha.

Asubuhi alikuta mlango wa jirani uko wazi na ndani hamna mtu. Kundi la vijana wenye fimbo lilikuwa limepita alfajiri likiwaamuru Wakasai waondoke. Familia ya Tata Tshimanga ilikuwa imechukua kile ilichoweza kubeba na kwenda stesheni, kungoja treni pamoja na mamia ya wengine. Kinu cha Mama Tshibola kilibaki uani kimelala ubavu.

Mama Ernestine alikaa juu ya kinu kile akalia. Falonne alimtazama, kisha akatazama nyumbani kwao, mezani, ambako sahani yenye ua la buluu ilikuwa imeoshwa na kufunikwa. Hapo hakuweza tena kujizuia. Alisimulia yote, kuanzia swali la Joyeuse hadi maji yaliyommwagikia Jocelyne begani.

Mama Ernestine hakumpiga wala hakupaza sauti. Alijifuta macho kwa pindo la kitenge chake.

"Na Jocelyne alisikia?"

"Alisikia, mama."

"Na jana magaribi mama yake akakuletea chakula."

Falonne akainamisha kichwa.

"Sawa," alisema mama yake akisimama. "Sahani ya bantu haiwezi kubakia kwetu. Tutaipeleka ku gare, ku treni. Na haitaenda bule, bila kitu. Utapika weye."

"Nitapika bidia," alisema Falonne haraka. "Si bukari. Bidia."

Kusema ni rahisi. Nyumbani kulikuwa na unga kidogo wa mahindi na vipande vya muhogo mkavu vilivyosahauliwa kapuni. Falonne aliviingiza kwenye kinu cha Mama Tshibola akatwanga. Alitwanga mpaka malengelenge yakamtoka viganjani, akachekecha, akatwanga tena makapi. Mama alitaka kumpokea mchi, akakataa.

Kisha akabandika maji, na yalipochemka akamimina mahindi na muhogo kwa pamoja, moto ukiwaka chini, kama apikavyo bukari kila siku. Mara moja muhogo ukaganda. Aliposonga, mwiko ulinasa. Aliposukuma kwa nguvu, yakatokea mabonge meupe yenye unga mbichi ndani, huku pembeni kukivutika kama gundi ya fundi viatu. Falonne alitazama ndani ya sufuria na machozi yakamdondoka humo humo. Unga ule ulikuwa chakula cha nyumba nzima.

Tata Kabemba alichungulia, akachota kidogo kwa kidole, akatafuna kwa muda mrefu sana.

"Bon," alisema mwishowe. "Nikipata kiatu chenye kutoboka, nitajua dawa yake."

Falonne alicheka na kulia kwa pamoja. Baba yake akachuchumaa karibu naye. "Mutoto wangu, Jocelyne alikufundisha. Kumbuka mikono yake ilifanya nini."

Falonne akafumba macho. Hakuisikiliza sauti siku ile, lakini mikono aliiona. Aliiona ikiondoa sufuria motoni. Aliiona miguu ya Jocelyne ikiibana sufuria chini, na ule unga wa pili, unga wa muhogo, ukiingia mwisho.

"Muhogo ni mwisho," alisema. "Na sufuria inakuwa chini! Lakini bunga ya mahindi imeisha, baba."

Tata Kabemba aliingia ndani akatoka na kifuko kidogo. Ulikuwa unga wa mahindi waliouweka kwa ajili ya kesho; wa muhogo ulikuwa umebaki kidogo kinuni. Alimtazama mkewe, na mkewe akatikisa kichwa kukubali.

"Kesho tutakula biazi," alisema baba. "Ile gundi yako pia tutaikula, usizani itatupwa."

Mara hii Falonne hakuharakisha. Aliacha uji wa mahindi uchemke, akaiteremsha sufuria, akaibana kwa miguu, akatia muhogo kidogo kidogo huku akisonga mpaka jasho likamwingia machoni. Bidia ikaungana. Aliigeuza ndani ya bakuli lililolowanishwa hadi ikawa duara, akailaza juu ya ua la buluu, na pembeni mama yake akaweka ndakala waliokuwa wamebaki. Wakafunika kwa sahani yao wenyewe, nyekundu, wakatoka.

Karibu na stesheni kijana mmoja mwenye fimbo aliwazuia. "Mama, ile chakula unapelekea nani?"

"Sahani si yangu," alijibu Mama Ernestine bila kusimama. "Narudisha kwa mwenyewe." Alitembea kwa namna ambayo kijana yule alijikuta amempisha.

Stesheni ilikuwa imejaa watu. Wengine walikaa chini ya maturubai, wengine chini ya mashuka yaliyolowa mvua ya usiku. Kulikuwa na magodoro, cherehani, kuku waliofungwa miguu. Falonne na mama yake walizunguka wakiita, mpaka sauti ikawajibu kutoka nyuma ya rundo la masanduku. Tata Tshimanga alikuwa amekwenda kuulizia treni ya kwenda Kasai kupitia Lubudi. Mama Tshibola alisimama, na mama hao wawili wakakumbatiana.

Jocelyne alibaki ameketi juu ya sanduku, ametazama reli.

Falonne alipiga magoti mbele yake, sahani mikononi. Watu walikuwa wengi na wote walikuwa wanasikia. Aliona ni vizuri wasikie, kwa kuwa hata bombani watu walikuwa wengi.

"Jocelyne, nilisema bongo, haikuwa kweli. Nimekula kwenu tangu tuko batoto badogo. Bidia ya mama yako hainuke. Njo chakula ninapenda kupita byote. Niliogopa batanicheka, nikakutupa. Unisamehe."

Jocelyne hakugeuka. Falonne alifunua sahani. Mvuke ulipanda, na Jocelyne, ambaye tangu jana hakuwa amekula kitu cha moto, akageuza kichwa polepole.

"Ni nani alipika?"

"Ni mi."

Jocelyne alikata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalichovya kwenye mchuzi wa ndakala, akala. Jocelyne akatafuna, akaacha, akatoa kitu mdomoni akakishika kati ya vidole. Lilikuwa bonge dogo la unga.

"Uliharakisha hapa," alisema kwa ukali wa mwalimu. "Nilikuambia kidogo kidogo. Haukusikia, ulikuwa unaangalia matamba."

"Uliona?"

"Kila mutu aliona!"

Wakaanza kucheka, na kicheko hicho kikawatoa machozi, wakashikana mikono iliyojaa bidia. Falonne alishukuru moyoni kwa lile bonge kuliko kwa bidia yote iliyobaki.

Mama Tshibola alimlisha mtoto wake mdogo, akala naye, kisha akaichukua ile sahani nyekundu ya kufunikia. Aliangalia huku na huku kati ya mizigo yake akitafuta cha kuweka. Hakukuwa na kitu, hata pilipili. Mama Ernestine akamwambia, "Hapana, dada, acha. Leo acha."

"Nitakurudishia sahani bule?" alisema Mama Tshibola. "Hata hapa?"

Akaigawa bidia iliyobaki katikati, nusu akaiacha juu ya ua la buluu, nusu akaiweka kwenye sahani nyekundu. Akamkabidhi Falonne kwa mikono miwili. "Tuasakidila, mwana wangu," alisema, neno la kwao la kusema tunashukuru. Treni ilipokuja kesho yake, familia ile iliondoka nayo, na Falonne alipunga mkono mpaka behewa la mwisho likapotea.

Lakini siku ile ile ya sahani, wakirudi nyumbani, walipita bombani. Joyeuse alikuwepo na wenzake. Falonne angeweza kuificha sahani chini ya kitenge cha mama yake. Hakuificha. Aliisogeza mbele.

"Hii ni bidia," alisema. "Jocelyne njo alinifundisha. Nilikula kwabo kila Jumamosi, siku ile nilisema bongo. Munaonja?"

Hakuna aliyecheka. Joyeuse alitazama chini, akatazama sahani. Nyumbani kwao nako unga ulikuwa umekwisha. Akanyoosha mkono, akakata tonge dogo, akala. Kisha akakata la pili, kubwa zaidi.

"Hainuke," alisema kwa sauti ndogo.

Walipofika mlangoni kwao, Mama Ernestine aliipokea sahani, akamshika binti yake viganja vyenye malengelenge.

"Falonne, sikiliza. Kushukuru si kusema asante ku mulango wa mutu tu, mahali hakuna mwenye kukuona. Ni kusema mbele ya bantu nani alikulisha, zaidi ile siku bantu habataki kusikia jina lake. Leo ulifanya vile. Ukumbuke."

Falonne alikumbuka. Jumamosi iliyofuata, baba yake alipopata unga na muhogo kidogo, alirudi kwenye kinu cha Mama Tshibola, akatwanga, akapika bidia bila bonge hata moja. Akaifunika sahani nyekundu, akavuka njia, akapita mlango wa kina Jocelyne, akabisha hodi kwa kina Joyeuse.