Futi Elfu Tatu

Kibanda cha Kadenge pale Changamwe hufurika saa mbili asubuhi, madereva wa malori upande huu, watu wa uwanja wa ndege upande ule. Kuluthum alijipenyeza mpaka mbele, shati lake jeupe la urubani limenyooka, mtandio wa samawati umemkaa vizuri, akaagiza viazi karai na chai ya tangawizi. Mwanamume aliyekaa karibu na jiko akaweka kikombe chini.

"Kilo Zulu," akasema.

Kuluthum akageuka. Hizo zilikuwa herufi za ndege yake ndogo ya mizigo, jinsi marubani wanavyozitamka redioni, maana huko juu mtu haitwi kwa jina la nyumbani. Na sauti ile aliijua. Mwaka mzima ilikuwa ikimpa ruhusa ya kuruka na kutua, kutoka kwenye mnara wa kuongozea ndege.

"Kumbe ndiwe," akasema. "Nami nilidhani u mzee wa miaka sitini."

"Niwie radhi basi."

"Nimekusamehe. Sogea nikae."

Jina lake Sufyan, mtu wa Mikindani. Alisogea, na kabla hajasema neno jingine akamkamulia ndimu kwenye viazi vyake, akiondoa mbegu mojamoja. Tangu siku hiyo simu hazikukatika. Sufyan alimtania kuwa ana adabu angani kuliko ardhini. Naye akamjibu kuwa angani humwogopa Mungu, ardhini amwogope nani? Miezi saba ikapita, Sufyan akaomba kuleta posa Kisauni kwa kina Kuluthum. Kuluthum akasema atampa siku.

Kabla hajaitoa, likatokea jambo. Alikuwa akirudi kutoka Lamu, na Sufyan akamwambia redioni ashuke hadi futi elfu tatu. Rubani hana budi kukirudia kimo alichopewa, ili mnara ujue amesikia sawasawa. Kuluthum akarudia elfu mbili. Akasahihishwa, akasema elfu mbili tena, kwani ndicho kimo alichozoea kupewa njia ile. Mara ya tatu ndipo akasema tatu. Chini yake ndege ya abiria ilikuwa ikipanda. Kila rubani aliyekuwa hewani alisikia.

Alipotua tu, akapiga simu.

"Umeniandika kwenye ripoti?"

"Nimekuandika, mpenzi."

"Nilijirekebisha, Sufyan. Hakuna aliyeumia. Ungenyamaza ungepungukiwa na nini?"

Kuluthum akakata simu, akaifungia namba yake, na ile posa akaihesabu imekwisha.

Akasimamishwa kuruka. Siku ya nne mwenye ndege, Mzee Ishaka, akamwita.

"Abee, mzee," akaitika, akaingia ofisini kichwa juu, tayari kufukuzwa. Mzee Ishaka hakumfukuza. Alimsogezea kiti, akamgeuzia feni, kisha akampa ripoti aisome. Kosa lake lilikuwamo lote, halikupunguzwa hata chembe. Chini yake Sufyan alikuwa ameandika kwamba agizo la kwanza alilitoa yeye kwa haraka mno, na sehemu hiyo ya lawama ni yake. Naye alikuwa ameondolewa mnarani mpaka apimwe upya.

"Hakuna aliyemuuliza hilo," Mzee Ishaka akasema. "Kalisema mwenyewe."

Kuluthum akatoka, akaifungulia namba ya Sufyan, akampigia palepale nje, malori ya mafuta yakinguruma nyuma yake.

"Mbona hukutuma hata mtu aniambie kuwa nawe umesimamishwa?"

"Ungeona nataka unihurumie."

"Na nikikosea tena, utaniandika?"

Kuluthum alimsikia akivuta pumzi, na akajua kuwa Sufyan anajua jibu hilo laweza kumkosesha mke.

"Wallahi, nitakuandika."

"Basi waambie wazee wako waje Ijumaa, baada ya swala ya alasiri," Kuluthum akasema. "Wa kunidanganya nilishawapata wengi."