Nyumba Ndogo ya Kalunde

Pichani palikuwa na mtu ambaye Kalunde hakumchonga.

Aliisogeza dirishani aione vizuri. Nyumba aliijua, ilikuwa mfano wa ile yake mwenyewe ya hapo Emali, ameichonga kwa mbao nyepesi, ndogo ya kupakatwa, na kitanda chake na kijisanamu cha bintiye Mbinya amelala. Aliyeiagiza ni shemeji yake Mwangangi. Tangu mume wa Kalunde azikwe, Mwangangi ndiye aliyepiga picha vinyago vyake ndani ya sanduku la mwanga, lile la kukunjwa kama begi, lenye kuta za kitambaa cheupe na balbu za betri ya gari, kisha akazipeleka Mombasa kutafuta wateja. Kanisani Kalunde alijisifu kwamba shemeji kama huyo hapatikani.

"Mlango uache wazi, shemeji," Mwangangi alikuwa amemwambia. "Mwanga uingie."

Sasa mlangoni alisimama mtu mrefu, mweusi, mahali ambapo balbu zilimulika kila upande na hata kivuli hakikuwa na pa kukaa.

Kalunde alimkuta Mwangangi studioni kwake. Chumba kilinuka udi, naye mlokole tangu utotoni.

"Huyu ni nani?"

Mwangangi alitazama chini. "Nililinunua huko pwani," alinong'ona. "Studio ilikuwa imekufa kabisa. Lakini jini haliingii kwa mtu mpaka mwenye nyumba alifungulie."

"Na nani amelifungulia?"

"Ni wewe, shemeji. Kwa mikono yako."

Kalunde alishika meza. "Linataka nini kwangu?"

"Mtoto. Na mimi niko na mmoja tu."

"Na mimi niko na wangapi, Mwangangi?"

Huyu ndiye aliyemshika mkono kaburini akaapa kuwalinda, na uchungu wa kuuzwa na mtu wake ulimuuma Kalunde kuliko hofu yenyewe. Akatoka mbio, jua la mchana likimchoma utosini, akapita sokoni akikanyaga nyanya za watu, akavuka reli bila kuangalia kama treni inakuja, akilia na kuomba na kumlaani Mwangangi kwa pumzi moja, mpaka akaufikia mlango wake na kuukuta umefungwa kwa ndani.

"Mbinya! Mbinya, fungua!"

Mtoto huyo wa miaka minne, ambaye hadi asubuhi ile alijua Kikamba tu, akamjibu kwa Kiswahili laini cha pwani:

"Karibu, bibi. Wamtaka nani?"