Spika za Nyuma

Spika ya nyuma ya kushoto ilianza kutoa sauti ya maji siku ya pili tu baada ya kufungwa, na Luhende akafurahi. Alikuwa ameketi sebuleni kwake Igoma akitazama taarifa ya habari. Mtangazaji anasoma bei ya mahindi, na nyuma ya kochi mtu anakomba maji kwa kopo: anachota, anamwaga, anachota, anamwaga.

"Unasikia hiyo?" akamwambia mkewe. "Sauti inakuzunguka mpaka kisogoni. Hiyo ndiyo starehe."

Hellen alikuwa anapinda pindo la sketi ya shule kwenye cherehani yake. Akainua macho. "Bei ya mahindi ina maji?"

"Wewe mambo ya muziki huyajui."

Luhende alikuwa karani wa stoo katika duka moja la vifaa vya ujenzi kule Mirongo, na sifa ya kubana matumizi alikuwa nayo mpaka kwa wauza nyanya. Soli ya kiatu ikiachia, anaigandisha kwa gundi ya mabomba. Hom thieta yake aliinunua imetumika. Spika za mbele zilikuwa nzima, sabufa ilitetemesha vikombe kabatini, ila zile mbili za nyuma zilikufa zamani, naye alishikilia kwamba filamu bila spika za nyuma ni ugali bila mboga. Za dukani hakutaka hata kuzitazama. Akaenda kwa Ndalahwa, fundi wa palepale Igoma anayeunda maboksi ya spika kwa mkono wake, akamwambia atumie spika za gari bovu na mbao yoyote, mradi iwe nafuu.

Ndalahwa akamletea maboksi mawili ya mvule mzito, kwa ndani bado yana mabaki ya rangi ya kijani. Mbao ngumu ndiyo inayoshika besi, akasema. Luhende hakuuliza ilitoka wapi. Mtu aliyepata kitu kwa bei ya chini huogopa kuuliza, asije akaambiwa.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika Igoma nzima tangu asubuhi. Saa saba mchana Luhende akarudi nyumbani kuchukua funguo alizosahau. Alipofika barazani akasikia mwanaume anaongea ndani. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha kuizoea nyumba, na lugha ilikuwa Kijaluo.

Hellen alikuwa Mjaluo wa Rorya. Luhende, Msukuma wa Magu, alikuwa na miaka mitano ya ndoa na maneno kumi tu ya lugha ya mkewe, mengi yakihusu chakula.

Akasukuma mlango. Sauti ikakatika. Hellen alikuwa peke yake, mguu juu ya kanyagio la cherehani, kitambaa chini ya sindano. Sebule ilinuka nyavu mbichi na tope la ziwani.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Niongee na nani? Niko na cherehani."

"Nimesikia mwanaume."

Hellen akainamia kitambaa chake. "Labda televisheni."

"Umeme hakuna, Hellen."

Mwenye akili iliyotulia angeishia hapo na kuogopa, maana nyumba ilikuwa na mlango mmoja na madirisha yenye nondo. Luhende naye alipiga hesabu hiyohiyo, akatoka na jibu lake: kama si televisheni, basi ni mtu kweli, na kama mtu kweli anaongea Kijaluo, basi ni wa hukohuko kwao, pengine wa tangu usichana. Wivu una akili nyingi, bahati mbaya zote zinatazama upande mmoja.

Tangu siku hiyo kila kitu kikawa ushahidi. Sakafu nyuma ya kochi ilikuwa na maji, na kwenye maji palikuwa na alama ya mguu, mpana, wa mwanaume. Luhende akasema moyoni, kumbe anaoga kwangu. Upande wake wa kitanda, ule wa ukutani, godoro lilikuwa na unyevu jioni anaporudi. Akasema, kumbe na huku anafika. Akaumia, tena akaumia sana, maana alimpenda mkewe na hakuwahi kumwambia hivyo kwa maneno yanayoeleweka.

Jirani yao, Justa, akamsimamisha njiani. "Shemeji, mimi maneno sipendi," akaanza, na anayeanza hivyo huwa amebeba kapu zima. "Ila huyo mgeni wenu wa mchana ana sauti nzuri. Ni kaka yake Hellen?"

"Ndiyo," Luhende akajibu, uso ukimwaka moto.

Asubuhi ya Alhamisi akawasha kurekodi kwenye simu yake ya zamani, akaichomeka nyuma ya kochi, kati ya ukuta na lile boksi la kushoto. Jioni akaichukua. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, akajifungia stoo, akakaa juu ya mfuko wa saruji na kuiweka sikioni. Kwanza ilikuwa cherehani, muda mrefu, mpaka akaanza kujionea aibu. Kisha cherehani ikasimama. Yakaja maji, kopo linachota na kumwaga, na nyuma ya maji hayo akaja yule mwanaume, karibu na simu kiasi kwamba pumzi yake ilikwaruza, akaongea taratibu, akanyamaza kidogo kama anayempisha mwenzake ajibu, akaongea tena, na Luhende ambaye hakuelewa hata neno akahisi ubaridi ukimpanda kutoka kwenye nyayo hadi magotini, akauita hasira, kwa sababu hasira aliijua.

Akaitisha kikao cha familia siku ya Jumapili. Upande wake alikuja kaka yake mkubwa, Ngosha. Upande wa Hellen, kwa kuwa baba yake alikwisha kufariki, alikuja baba yake mdogo, mzee Okwach, kutoka Rorya. Saa tisa alasiri wakaketi sebuleni. Begi la Hellen lilikuwa mlangoni tayari. Luhende alilifunga mwenyewe kabla hata shauri halijasikilizwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeona begi. Kuna safari?"

"Baba, mimi sina maneno mengi. Mwanao analeta mwanaume humu ndani ninapokuwa kazini. Mimi namrudisha kwenu, ila sitaki mseme nimemsingizia. Sauti ninayo hapa, na ni lugha yenu."

Hellen hakulia. Alikuwa anatazama sakafu, upande wa nyuma ya kochi.

Simu ikawekwa mezani. Mzee Okwach akasikiliza ameegemea fimbo. Yule mwanaume alipoanza kuongea, mzee akavua kofia na kuiweka gotini.

"Irudie," akasema.

Ikarudiwa.

"Hii simu uliiweka wapi?"

"Nyuma ya kochi. Pale, kwenye spika."

"Baba, anasema nini?" Ngosha akauliza.

Mzee akashusha sauti mpaka ikabidi wote wainame kumsikia. "Anasema, nashukuru unanisikiliza, mama. Anasema, maji yamenifika kifuani na kopo limetoboka. Anasema, mwambie huyo mume wako asilale tena upande wa ukutani. Huko ndiko ninakopandia."

Televisheni ilikuwa imezimwa, na waya wake uko sakafuni, wameuona wote. Na nyuma ya kochi kopo likachota maji na kuyamwaga, likachota tena, polepole, kama anayefanya kazi huku anasikiliza mazungumzo.

"Ni jini," Ngosha akanong'ona.

"Jini hana kwao," mzee akasema. "Huyu ana kwao. Alichokosa ni kaburi."

Luhende akamgeukia mkewe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?" Hellen akajibu taratibu. "Ulikuwa umeshaamua. Ningesema ni mzimu, ungesema namficha bwana wangu."

Ndalahwa akapigiwa simu, akaja mbio, na mbele ya wazee hakuchukua muda kusema kweli. Mbao aliipata Kigongo, kando ya ziwa, kwenye mtumbwi wa mvuvi Mjaluo. Mtumbwi ulikutwa umepinduka, mwenyewe hakuonekana, na mdogo wake akauuza ukiwa mzima kwa yeyote mwenye msumeno.

"Kwetu mtumbwi wa aliyezama hauguswi na msumeno mpaka azikwe," mzee Okwach akasema. "Asipoonekana, tunatafuta tunda la mwegea, yago tunaliita, tunalivika shuka na kulilaza kaburini mahali pake, tunamlilia kama yuko. Hawa hawakufanya. Na nyie mmechukua kitu cha mwisho alichokishika mkononi, mmekifanya redio." Kisha akamwangalia Hellen, akamsemesha kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Mwanangu. Umewahi kumjibu?"

Hellen akamtazama mumewe, akatazama begi lake pale mlangoni.

"Hapana," akasema.

"Vizuri. Asiyejibiwa huondoka na mbao zake."

Jumatatu mchana walikuwa Kigongo. Mdogo wa marehemu alipatikana, akakubali kwa haya, akachimba mwenyewe. Tunda la mwegea, refu, zito, lilikuwa limefungwa shuka nyeupe. Ndalahwa akaanza kufungua skrubu za maboksi, na hapo, jua kali, waya zikining'inia bila kuunganishwa popote, boksi la kushoto likaanza kukomba maji, kwanza taratibu, kisha haraka, kisha haraka kuliko mkono wa mtu unavyoweza, mpaka mbao zikatoa jasho na mikono ya fundi ikateleza, na ndani ya kishindo hicho sauti ikawa inaita neno moja la Kijaluo, inalirudia bila kupumua, na mzee Okwach akapiga kelele kwa Kijaluo kuishinda sauti hiyo, na mdogo mtu akaanguka kifudifudi analia, analia kweli sasa, kilio alichokuwa amekikalia siku zote hizo. Wakazipanga mbao juu ya tunda. Udongo wa kwanza ulipoanguka, pakawa kimya, wakasikia tu mawimbi madogo ya ziwa.

Kabla hawajaachana, mzee Okwach alimweka Luhende mbele ya Ngosha na mbele ya Hellen. "Umemfungia mwanangu begi kwa kosa lisilokuwepo. Nikuachie aende nawe, au nirudi naye?"

"Niachie, baba."

"Basi apa. Hutamuuliza tena huyu mwanamke anaongea na nani."

Luhende akaapa. Akarudia mara ya pili ili asikike vizuri, na machozi yalimtoka mbele ya kaka yake bila kuona aibu.

Akawa mtu mwingine, na Justa mwenyewe aliwaambia watu. Alirudi na samaki mkononi, alimuuliza mkewe habari za wateja wake, alijifunza maneno mengine ishirini ya Kijaluo, na haya hayakuhusu chakula. Spika za nyuma hakununua tena. Godoro walilianika juani, likakauka.

Jumamosi moja, alasiri, alikuwa kochini anatazama mpira kwa sauti ndogo. Chumbani Hellen alikuwa anaongea Kijaluo na kucheka. Kilikuwa kile kicheko chake cha siku za uchumba, cha chini, cha kujibana, na Luhende alikuwa hajakisikia kwa miaka. Akatabasamu. Anaongea na mama yake, akajisemea, na akajisifu kidogo kwamba hata shauku ya kuuliza haikumjia.

Akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai. Mkono ukagusa kitu cha moto kidogo. Ilikuwa simu ya Hellen, pale kwenye mkono wa kochi, ipo kwenye chaji, kioo kimezimika.

Chumbani Hellen akanyamaza, kama mtu anayempisha mwenzake. Upande wa ukutani wa kitanda ukalia, kwa uzito wa mtu anayegeuka, na sauti ya chini ikamjibu, kwa raha, bila haraka yoyote. Hellen akacheka tena.

Luhende akafungua mdomo. Akamkumbuka mzee Okwach, akamkumbuka Ngosha, akalikumbuka lile begi alilolifunga kwa mikono yake. Akaufunga mdomo. Kisha akachukua rimoti, akaongeza sauti ya mpira.