Aliyeomba Njia

Korido ya nyumba ile ilikuwa nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja hana budi kubana ukutani. Jioni moja mume wa Fundi alitoka chumbani kuelekea sebuleni, akagongwa bega kwa nguvu mpaka akapepesuka.

"Mbona unaniparamia, mama?" akafoka.

Fundi alikuwa sebuleni, mguu kwenye pedali ya cherehani, pini mdomoni. Hakuwa ameinuka tangu alasiri. Nyumbani walikuwa wao wawili tu, na huyo wa tumboni aliyekuwa amebakiza wiki chache.

Alizitemea pini kiganjani. "Umegongwa na nini?"

"Nimeteleza."

Lakini sakafu ilikuwa kavu, na mtu aliyeteleza hajishiki bega.

Mume huyo alikuwa muuza magodoro. Aliyasambaza kwa pikapu yake mwenyewe, na kwa jinsi alivyoendesha, wenzake sokoni walimpachika jina la Mimi Kwanza. Kwenye mzunguko hakumsubiri aliyetangulia kuingia. Penye mistari ya waenda kwa miguu, vikongwe walirukaruka kama ndama. Fundi akipanda naye alifumba macho, akayafumbua wakifika.

Siku chache kabla ya jioni ile, Mimi Kwanza alirudi nyumbani ana kisa cha kuchekesha. Alikuwa kwenye makutano ya barabara karibu na hospitali, mbele kumejaa magari hayaendi, taa yake ikawaka kijani. Gari la wagonjwa lilikuwa linakuja kutoka upande, king'ora kinalia, na wenzake wote wakatulia kulipisha. Yeye akaingia. Akakwama katikati, ubavu wa pikapu umeziba njia yote.

"Dereva wake akashuka kuniomba nirudi nyuma," alisimulia huku anamenya chungwa. "Kanikunjia mikono kama ananiomba posa! Nikamwambia, kaka, taa hiyo hapo, kijani. Haki yangu. Sirudi hata hatua moja. Weee, alitaka kulia!"

Fundi alicheka kidogo. Kucheka naye kulikuwa rahisi kuliko kubishana naye.

Baada ya bega, ikaja sauti. Magurudumu madogo, moja lina kutu linalia nywii, nywii, yakisukumwa taratibu juu ya vigae vya korido. Kisha ikaja harufu, ile dawa kali ya kuoshea vidonda, na nyuma ya dawa, damu. Mimi Kwanza akitaka kuingia jikoni, anasukumwa kifuani. Akitaka kwenda kuoga, anapigwa goti na kitu kigumu kama chuma cha kitanda. Mapaja yake yakajaa mavilio ya damu.

Fundi hakuguswa hata mara moja. Alipoingia koridoni na tumbo lake mbele, magurudumu yalinyamaza. Alihisi ubaridi umejibana ukutani, ukimngoja. Akishapita, nywii, nywii, yanaendelea. Alimwogopa huyo asiyeonekana, lakini alichoogopa zaidi ni ile adabu yake.

Wakamwita mganga, naye akaja, mtu mnene mwenye pumu. Aliketi koridoni na chetezo chake, akafukiza ubani, akauliza kwa sauti ya chini, akatega sikio. Akauliza tena. Halafu akaufunika moto kwa kifuniko.

"Hajatumwa na mtu," alisema. "Ni mwanamke, ana mimba. Anasema alikuwa anapelekwa hospitali."

"Mfukuze!" Mimi Kwanza alinong'ona.

"Bwana, mimi nafukuza wavamizi. Huyu anabisha hodi. Anakudai wewe, na hatampita mtu asiye na kosa mpaka apishwe." Akamtazama Fundi, kisha akatazama chini. "Sina dawa ya huyu."

Akakusanya vitu vyake. Pale mlangoni alisimama, akajibana pembeni kama anayempisha mtu, ndipo akatoka.

Mchana uliofuata mvua ilinyesha, umeme ukakatika, na nyumba ikawa giza la kijivu. Fundi alisikia mumewe anakimbia kutoka jikoni, anaingia chumbani, anamwita, "Mke wangu! Njoo! Njoo usimame hapa!" Akaenda. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja, na yeye alisimama katikati ya mlango huo, mumewe nyuma yake kati ya kitanda na kabati, na kule mwisho wa korido magurudumu yakaanza, nywii, nywii, safari hii bila kusita, yakija na ile harufu, yakija na maji yanayodondoka ambayo hayakuwa ya mvua, mpaka kitanda chembamba cha chuma kikatokeza gizani kikijisukuma chenyewe, na juu yake shuka la kijani, na chini ya shuka tumbo kubwa kama lake, limetulia kama jiwe, na uso wa mwanamke wa umri wake uliomgeukia polepole ukamtazama bila chuki yoyote.

"Dada," sauti ikasema. "Naomba njia."

Fundi akauliza, "Unamtaka nini?"

"Nilimsikia dereva akimwomba. Nilimsikia yeye akikataa. Mwanangu alikuwa anacheza. Nilikaa pale nikimsikia akicheza, kisha nikamsikia ameacha."

Mtoto wa Fundi akageuka tumboni. Aliweka mkono pale, na bila kuondoa macho kwenye kitanda akauliza, "Baba, ulijua mle ndani kuna mtu?"

"Gari la wagonjwa si lazima liwe na mtu!" Mumewe akadakia kutoka nyuma. "Sasa ningejuaje kama mwenyewe yuko mahututi? Taa ilikuwa yangu! Muulize, muulize kama taa haikuwa yangu!"

"Alikuomba urudi nyuma," Fundi akasema.

"Kwa nini nirudi mimi?"

Kisha mikono yake ikamzunguka Fundi tumboni kutoka nyuma, ikamsukuma mbele, tumbo likakaribia kugusa chuma cha kitanda kile.

"Simama hapohapo," akamnong'oneza sikioni. "Hawezi kukupita. Wewe huna kosa. Na mtoto hana kosa. Simama tu."

Fundi aliitazama ile mikono juu ya tumbo lake. Akaibandua, kidole kimoja kimoja. Akajibana kwenye fremu ya mlango mpaka mbao zikamuumiza mgongo.

"Pita, dada," akasema.

Kilio cha mumewe kilikuwa kifupi. Umeme uliporudi, kitanda hakikuwepo wala harufu, na Mimi Kwanza alikuwa amesimama koridoni mzima, hana jeraha, mgongo umegandamana na ukuta, macho yanafuata kitu kinachopita mbele yake. Kikapita. Macho yakarudi mwanzo, yakafuata kingine.

Pikapu iliuzwa. Fundi alijifungua salama, akarudi kwenye cherehani. Ndugu wa mume walikuja, wakasema kapatwa na kichaa, wakajaribu kumvuta akakae sebuleni, akawapigia mayowe kwamba atagonga watu. Chakula Fundi alimpelekea palepale ukutani. Kutoka chumbani hadi chooni, mwendo wa kumbeba mtoto mchanga kabla hajalia mara mbili, kulimchukua asubuhi nzima.

Siku moja, mtoto akiwa mgongoni, Fundi alisimama mbele yake.

"Umebakiza wangapi?"

Mumewe alichungulia mlango wa mbele uliokuwa wazi, akatazama barabara hadi mwisho wake, ambako Fundi hakuona chochote isipokuwa vumbi na jua.

"Foleni bado inaingia kutoka barabara kuu," akanong'ona. Akavuta tumbo ndani, akaufinya mgongo ukutani. "Pita, bibi. Taratibu. Pita."