Tanuri Lililofunguliwa Mapema

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa darasa la sita alikunja sketi yake na kukanda udongo kwa miguu katika ua wa nyumba yao. Kando yake alikanda dada yake, binti wa mama yake mkubwa, aliyeletwa pale kujifunza ufinyanzi. Walikanyaga wakizunguka, na kila unyayo ulipogusa kijiwe waliinama wakakitoa, kwa maana kijiwe kimoja huweza kupasua chungu kizima motoni. Dada alikanyaga kimya kimya. Mdogo mtu alikanyaga huku akitoa amri: ongeza maji, geuza huku, hapo bado. Ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Mheshimiwa. Mama yake, akiwa kwenye gurudumu la kufinyangia, alipenda kusema kwamba mtoto yule alizaliwa akiwa amechelewa kikao.

Mwaka ule Mheshimiwa alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni maonyesho ya shule. Mwanafunzi ambaye kazi yake ingeshinda angekiongoza kikundi cha sanaa kwenye mashindano makubwa, angetembea mbele, na angesema kwa niaba ya wenzake. Alifinyanga mtungi wa shingo ndefu, akausugua kwa jiwe laini hadi ukang'aa. Kila ulipoelekea kukamilika aliona dosari nyingine, akaanza upya kusugua. Hivyo ndivyo alivyojichelewesha mwenyewe. Mtungi ulipoingia hatimaye tanurini, pamoja na vyungu vya maua alivyoagiza mwenye bustani, maonyesho yalikuwa kesho yake mchana.

"Hautapoa," mama alimwambia. "Tanuri halisomi ratiba ya shule, mwanangu. Kama maonyesho hayawezi kungoja, yapo ya mwakani."

Nyumba ile ilikuwa na kipimo chake. Ili kujua kama tanuri limepoa, mtu aliweka kiganja juu ya mlango wa matofali, akawasalimia watu wote wa nyumbani kwa utulivu, mmoja mmoja, bila kumruka yeyote. Akimaliza salamu kabla ya kuondoa mkono, alifungua. Kiganja kikikataa, alingoja. Watoto wa mtaani walikuja kucheka wakimwona mfinyanzi akilisalimia tanuri, lakini mama hakuwahi kukivunja kipimo hicho.

Asubuhi ya maonyesho mama alikwenda kumwambia mwenye bustani kwamba mzigo wake ungekuwa tayari kesho. Dada alichukua madumu akaenda bombani. Mheshimiwa alibaki peke yake na tanuri. Aliweka kiganja mlangoni. Hakumaliza hata kumsalimia mama yake, mkono ukaruka.

Alizunguka ua. Akarudi. Akazunguka tena. Mtungi wake ulikuwa juu kabisa, nyuma tu ya tofali la juu. Ilikuwa kama kuchukua kitu rafuni. Alijaza ndoo ya bati majivu ya moto, akabandua tofali, akautoa mtungi kwa koleo na kuufukia majivuni ili upoe taratibu. Kwa hilo alikuwa mwerevu. Lakini upepo wa asubuhi uliingia mahali pa tofali, na kutoka ndani ya tanuri akasikia milio midogo, mmoja baada ya mwingine, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa. Alijiambia kwamba ni matofali yanayojinyoosha. Akarudisha tofali, akaziba kwa udongo, akanawa mikono mara mbili.

Mtungi ulishinda. Mwalimu wa sanaa aliushika kwa mikono miwili kama mtu anayempokea mtoto, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Katikati ya makofi yale Mheshimiwa alisikia tena vijiti vikivunjika.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama amesimama mbele ya tanuri lililo wazi. Vyungu vya maua karibu vyote vilikuwa vimepasuka. Mama aliuliza kwa sauti ya chini mtungi ulitokaje. Mheshimiwa hakuwa ameandaa jibu, lakini jibu lilikuja lenyewe, laini kama udongo uliokandwa vizuri. Alisema kwamba alilikuta tofali la juu limeanguka, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi tayari, alichukua chake na kuziba.

Mama alimgeukia dada. Dada ndiye aliyekuwa ameuziba mlango wa tanuri jioni iliyotangulia. Mama hakumfokea, alisema tu kwamba hawezi kumwachia moto mtu ambaye mkono wake haujatulia, na kwamba mwisho wa wiki dada angerudi kwao.

Kuanzia hapo Mheshimiwa hakukalika. Shuleni aliwapanga wenzake, akawapangua, akawakaripia kwa makosa ambayo hawakuyafanya. Mmoja wao, aliyeitwa Kasuku kwa sababu hakuna neno lililomkaa mdomoni, alimuuliza kama cheo kinawasha, maana alikuwa akijikuna tangu asubuhi. Wenzake walicheka. Yeye alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Nyumbani alikiacha chakula nusu na kusema ameshiba. Alijiahidi kwamba angesema ukweli baada ya mashindano. Kisha akakumbuka kwamba mashindano yalikuwa baada ya mwisho wa wiki, na dada angekuwa ameshaondoka.

Siku moja kabla ya safari ya dada, alimkuta chumbani akikunja nguo. Alitamani dada amtukane, amshuku, amuulize swali lolote. Dada alimpisha tu akae kitandani.

"Nimefikiri sana, mdogo wangu," alisema. "Jioni ile nilikuwa nimechoka. Pengine kweli sikupaka udongo wa kutosha. Nakumbuka nilipaka, lakini sasa hata kumbukumbu yangu siiamini. Mama mdogo yuko sahihi. Mikono hii haifai kazi hii."

Akaitazama mikono yake kama kitu cha kuazima.

Mheshimiwa alikuwa ameweza kustahimili makofi, na hata macho ya mama. Hili hakuliweza. Alimshika dada mkono, akamvuta hadi uani, mbele ya gurudumu, na kabla ujasiri haujamtoka akasema, "Mama, ni mimi. Tofali halikuanguka. Nililitoa mimi, na nikasikia vyungu vikipasuka."

Gurudumu liliendelea kuzunguka peke yake, polepole, hadi likasimama. Dada aliuchomoa mkono wake. Akaenda nyuma ya nyumba, na hakuna aliyemfuata.

Mama hakuinua mkono wala sauti. Alisema kwamba ukweli ule una safari mbili zaidi, kwa mwenye bustani na kwa mwalimu, na kwamba yeye mama hangeenda kuusema kwa niaba yake. Mheshimiwa alikwenda mwenyewe. Mwenye bustani alisikiliza hadi mwisho, akakunja uso, kisha akakubali kungojea vyungu vingine, kwa sharti kwamba atakayeziba mlango awe yule aliyesingiziwa. Mwalimu alimvua uongozi wa kikundi. Mheshimiwa aliomba mtungi nao usipelekwe mashindanoni, na mwalimu akakubali bila kumbembeleza. Kasuku alitangaza darasani kwamba Mheshimiwa amejiuzulu. Safari hii naye alicheka kidogo.

Dada hakuondoka. Mama alimwomba radhi mbele ya nyumba nzima kwa kumhukumu upesi, akamkabidhi kazi ya moto. Wiki iliyofuata Mheshimiwa alichimba udongo, akachota maji, akapanga vyungu vipya kwenye mbao vikauke, na dada akamsemesha tu pale kazi ilipolazimu.

"Atanisamehe lini?" alimuuliza mama yake jioni moja.

"Hilo si lako kulipangia siku," mama alijibu. Alifuta mikono, akamketisha karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kutaka kuwa mbele si dhambi. Mimi mwenyewe nataka vyungu vyangu viwe bora kuliko vya jirani. Lakini anayetaka jambo hadi asione kingine huangushwa na mkono wake mwenyewe, wala hahitaji adui. Kulitoa tofali lilikuwa kosa la mara moja. Uongo ni tofauti. Uongo hutaka kulishwa kila siku, na chakula ulichokuwa unaupa ni dada yako. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ungeweza kufika mwisho wake ukiwa umemmaliza mtu. Umesimama kabla. Mtu mwenye dhamana ni yule anayesema 'ni mimi' wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

Kutoka ng'ambo ya ua sauti ya dada ilisikika, kavu, lakini ikimwita yeye. "Mheshimiwa, njoo ushike upande wa pili. Ubao huu siubebi peke yangu."

Aliinuka upesi akaenda kushika.