Jiwe Lililotaka Jina

Asubuhi ile jiwe lilikuwa na joto.

Sindano aliligusa kwa kiganja, akaondoa mkono, akaligusa tena. Lilikuwa limelala usiku kucha juu ya meza ya chuma, katika chumba cha chini ambacho watu huingia na sweta hata wakati wa jua kali, nalo lilikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa. Labda taa iliachwa ikiwaka, alijiambia, ingawa taa aliizima mwenyewe.

Alikuwa fundi wa visukuku katika jumba la makumbusho. Kazi yake ilikuwa kuchokoa mwamba punje kwa punje mpaka mifupa ya kale iliyogeuka mawe ijitokeze. Kwa kuwa alichokoa kwa sindano, na kwa kuwa ulimi wake nao ulichoma, wenzake walimbandika jina hilo, naye akalizoea.

Bonge lile la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtu, lililetwa na wachimba msingi wa nyumba. Mtaalamu, mkuu wake wa kazi, alilipasua kwa patasi likaachana vipande viwili. Ndani alikuwa amejikunja kiumbe mdogo mwenye mkia, mkono chini ya taya, kama mtu aliyeuliza swali akachoka kungoja jibu.

"Mjusi wa kale," Mtaalamu alisema siku ile, jicho kwenye lenzi. "Mkia huu haudanganyi."

Lakini Sindano alipoanza kuusafisha, akakuta mapezi. Mtaalamu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi ni samaki. Nilifanya haraka."

Kesho yake mapezi hayakuwepo. Palikuwa na vidole, na kila kidole kina ukucha bapa.

"Nyani mchanga," alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mkuu, picha tulizopiga mwanzo hazifanani na hiki. Mifupa inahama."

"Mifupa haihami, Sindano. Ni mwanga tu, na macho yetu yamechoka."

Hakumtazama usoni alipolisema hilo. Wala hakuigusia harufu, ambayo kila aliyeshuka ngazi aliisikia akanyamaza nayo: nywele mbichi na maziwa yaliyochacha, harufu ya mtoto mchanga mahali pasipo na mtoto.

Mchana wa siku ile jiwe lilipoamka na joto, umeme ukakatika. Feni ikazunguka kwa uvivu, ikasimama, na katika ukimya ule Sindano akasikia kitu kikivuta pumzi upande wa pili wa meza, pumzi fupi fupi za kiumbe asiyezoea hewa, halafu sauti nyembamba, kama ya mtu anayejifunza kuutumia ulimi wake, ikasema karibu kabisa na sikio lake, "Mimi nani?"

Alikurupuka. Akapanda ngazi mbio, na hakujua kwamba bado ameshika sindano mpaka alipofika nyumbani.

Mama mkwe wake alikuwa barazani akimsuka mjukuu. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mtoto aende kucheza ndani.

"Ulimjibu?" alinong'ona.

"Sikumjibu, mama."

"Afadhali. Hilo ni jini, mwanangu, na jini hajibiwi na mtu aliye peke yake. Kesho nenda na mganga."

Mganga, mwanamke mfupi mwenye kikohozi, alikubali kwenda, lakini kwenye ngazi ya kwanza alisita. Alinusa, akakataa kushuka.

"Huyu alifungiwa humo bila jina," alisema. "Kila mnapompa jina analivaa. Mkasema mjusi, akavaa mjusi. Mkasema samaki, akavaa. Lakini hayo kwake ni mitumba, binti. Anataka nguo ya kushonewa. Msimpe jina la mtu, maana akilipata atakwenda kumvua mwenyewe."

Walikuwa bado wamesimama pale Mtaalamu alipotokea kwenye korido, amechangamka kama bwana harusi.

"Sindano, nilitaka iwe siri mpaka leo. Nimemaliza kubishana na nafsi yangu. Si mjusi, si samaki, si nyani. Ni kiumbe kipya kabisa, hajapata kuonekana. Taarifa ya kumtangaza nimeituma asubuhi hii. Na kwa kuwa ni mikono yako iliyomtoa, nimempa jina la binti yako."

Alingoja ashukuriwe. Sindano alikuwa ameshafika mlangoni.

Alikimbia kanga ikimponyoka begani, akapita katikati ya magari bila kusikia honi wala matusi ya madereva, akikumbuka kwamba jina lile lilikuwa la marehemu mama yake, kwamba alimpa mwanawe ili lisizikwe, na kila alipolitaja moyoni alihisi kuna mwingine anayelisikia, mpaka akasukuma mlango wa nyumba yake na ile harufu ikampokea, nywele mbichi na maziwa yaliyochacha. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti akimbembeleza mtoto aliyekuwa chini ya meza, amejikunja, mkono chini ya taya.

Akamwita kwa jina. Mtoto alimtazama kama mtu anayeshangaa kwa nini anatazamwa yeye na anaitwa mwingine.

"Mama," akasema, "mimi nani?"

Mganga alifika akihema, Mtaalamu nyuma yake, rangi imemtoka.

"Nitaifuta taarifa," Mtaalamu alisema. "Naandika sasa hivi."

"Futa, lakini jina limeshavaliwa. Halirudi," mganga alimjibu. "Tuliyebaki naye ni mtoto. Mama yake, mtafutie jina jingine kabla jua halijazama."

Mganga aliyasomea maji dua, akamwosha mtoto toka utosini hadi nyayoni, na Sindano, machozi yakimtiririka, akamnong'oneza sikioni jina jipya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mtoto akapiga chafya na kusema ana njaa. Jiwe Mtaalamu alilifunga kwa waya, akalimwagia zege kwa mikono yake mwenyewe na kulifukia mbali. Hakuandika tena neno juu yake.

"Lile la zamani lisitamkwe humu ndani," mganga aliwaonya. "Mwenyewe yupo, na ataitika."

Miezi ikapita. Mtoto akanenepa, akalizoea jina lake. Siku moja alasiri Sindano alikuwa uani akimwosha nywele, povu limejaa kwenye beseni. Jikoni, mama mkwe alikuwa akitafuta chujio. Mawazo yake yalikuwa mbali, na ulimi hauna mfupa. Akaliita lile jina la zamani, kwa sauti ileile aliyomwitia mjukuu tangu anatambaa.

Mikono ya Sindano ikaganda. Mtoto, macho ameyafumba kwa sabuni, hakujitikisa. Halikuwa lake tena.

Chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, kitu kikateremka kitandani.

"Abee, bibi," kikaitika. "Naja."