Skrubu Kwenye Taya la Bibi

Msimu wa kuvuna letusi ya saladi, mji wa Yuma, upande wa Marekani mpakani na Meksiko, huamka kabla ya jua. Mabasi ya mashambani hupita yakikokota vyoo vya magurudumu nyuma yake, na mama yake Briseida huwa ameshaondoka na basi la kwanza. Nyumbani hubaki Briseida, msichana wa miaka kumi na miwili, na bibi yake, Bi. Eulalia. Kila asubuhi bibi husukuma tortiya, chapati nyembamba za unga wa ngano, Briseida huzigeuza kwenye kikaango, kisha wawili hao hula na maharage wakisikiliza redio mpaka basi la shule lipige honi.

Juma lile bibi hakula. Alichovya kipande cha tortiya kwenye kahawa, akakimumunya upande wa kulia, mwishowe akakiweka kando. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba, na jicho la upande huo lilianza kufumba.

"Jino linauma sana, Bibi?"

"Haliumi, linapiga ngoma," alisema bibi.

Mjomba Cuco, dereva wa basi la mashambani, alikuwa ameuliza bei ya matibabu ya meno pale Yuma. Aliposikia jibu alikata simu bila kuaga. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba Jumamosi wangevuka mpaka kwenda Los Algodones, upande wa Meksiko, ambako kila nyumba ya pili ni ya daktari wa meno na bei ni robo tu. Daktari mmoja aliyeitwa Zulema Arvizu alikubali kumwona bibi. Ila alitaka jambo moja. Miaka saba iliyopita, bibi alitibiwa jino Yuma, akapewa kidonge kilichomfunga koo hadi akachukuliwa na gari la wagonjwa. Jina la dawa hiyo bibi hakulijua.

"Lazima nilijue kabla sijampa chochote," daktari alisema kwenye simu. "Waombeni nakala ya faili lake."

Mjomba Cuco alitikisa kichwa. "Hawatatoa. Wakinusa kwamba tunapeleka pesa ng'ambo, faili litapotea ghafla. Briseida, ukifika pale usiseme tunakwenda wapi. Na wakikuuliza maswali mengi, ujue wanatafuta sababu."

Maneno hayo yalimkaa Briseida kichwani. Siku ya Ijumaa, baada ya shule, alifuatana na bibi hadi kwenye kliniki ile alikotibiwa miaka saba iliyopita. Bibi hakujua Kiingereza, kwa hiyo mtoto ndiye aliyesema. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za huku: benki, posta, hospitali, mdogo ndiye mdomo wa mkubwa.

"Jina la mgonjwa?" aliuliza dada wa mapokezi.

"Eulalia Bojórquez."

Bibi alikuwa na majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, kama watu wote wa kwao. Briseida alitaja la baba peke yake. Shuleni walikuwa wamemzoesha hivyo. Fomu zao zina nafasi ya jina moja tu.

Dada akabonyeza kompyuta. "Nakala za faili mnazitaka za nini?"

Swali la kwanza la kutafuta sababu, Briseida aliwaza. "Za kuweka nyumbani," alijibu.

"Alizaliwa mwaka arobaini na tisa, sivyo? Anakaa Barabara ya Nane?"

Briseida alisita. Bibi alizaliwa mwaka hamsini na tatu, na hawakuwahi kukaa Barabara ya Nane. Je, huu ulikuwa mtego? Au waliandika vibaya, kama wanavyoandika vibaya majina ya watu wetu kila siku? Alimwona yule dada akitupia jicho saa ya ukutani. Akisema hapana, wataambiwa warudi siku nyingine. Na shavu la bibi lilikuwa likizidi kung'aa.

"Anasema nini?" aliuliza bibi.

"Anauliza kama ni wewe."

"Mwambie ni mimi. Nitakuwa nani tena?"

"Ndiyo," Briseida alimwambia yule dada. "Ni yeye. Tumehama."

Bibi alitia sahihi mahali alipoonyeshwa, na wakapewa bahasha kubwa. Njiani Briseida aliikumbatia kifuani. Alikuwa amewashinda, au ndivyo alivyojiambia.

Jumamosi waliegesha gari upande wa huku na kuvuka mpaka kwa miguu. Walipotoka tu kwenye lango, wanaume wenye kofia pana waliwazunguka.

"Meno, mama! Miwani! Dawa! Njoo, kwa daktari wangu hakuna foleni!"

"Meno ninayo, nashukuru," alijibu bibi akishika shavu. "Hayo ndiyo yaliyonileta."

"Shika mkoba, Mama," Mjomba Cuco alinong'ona. "Hawa hulipwa kwa kila kichwa wanachokileta."

Kwa Daktari Arvizu hapakuwa na mtu wa kuita wateja nje. Hilo nalo halikumpendeza Mjomba Cuco. "Mbona kimya hivi? Daktari mzuri hujaza watu." Walipoingia ndani wakakuta viti vyote vimekaliwa na wazee waliokuja kukwepa baridi ya kaskazini. Mjomba akawatazama mmoja mmoja. "Wamejaa mno," alisema. "Atamharakisha Mama kama kuku wa sokoni."

"Cuco," bibi alisema, "wewe hata ukienda peponi utauliza nani ana funguo za mlango wa nyuma."

Daktari Arvizu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Alimkalisha bibi kwenye kiti cha kulala, akafungua bahasha, akaibandika picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Bi. Eulalia, nani alikuwekea skrubu?"

"Skrubu?"

"Hii hapa, chini upande wa kulia. Imeshikilia jino la bandia."

Bibi alijipapasa taya. Mjomba Cuco akasimama. "Walimtia chuma akiwa na ganzi! Si niliwaambia mimi? Wale watu si wa kuaminika!"

Daktari aliwasha taa ndogo, akachungulia mdomoni kwa bibi, akaligonga jino taratibu. "Humu sioni skrubu. Naona jino lake mwenyewe, tena zima."

Mjomba akamgeukia yeye. "Au ni ujanja wako, Daktari? Unataka tulipie picha nyingine?"

"Una haki ya kujiuliza hivyo," daktari alijibu bila kukasirika. "Picha nyingine nitapiga, na sitakutoza. Lakini si picha inayonipa wasiwasi. Ni hili." Akainua karatasi ya pili. "Hapa imeandikwa kwamba Eulalia Bojórquez hana dawa inayomdhuru. Nawe mama uliniambia iko iliyokufunga koo."

"Ilinifunga," alisema bibi. "Kilikuwa kidonge cha rangi mbili. Jina sijui."

"Vidonge vya rangi mbili ni vingi. Usaha huu hauwezi kungoja, unahitaji dawa leo. Dawa ninayoanza nayo kwa kawaida ni ileile inayowadhuru watu wengi. Nikikwepa hiyo nikakupa nyingine, huenda hiyo nyingine ndiyo iliyokufunga koo. Karatasi inasema nikupe. Wewe unasema nisikupe. Mojawapo imekosea." Akaelekeza kidole kwenye kidonge alichokuwa ameandaa kwenye kisahani, kando ya bilauri ya maji.

"Wamebadilisha karatasi makusudi," alisema Mjomba Cuco. "Wamejua tunakuja huku."

Briseida alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakuna aliyemtazama yeye. Lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe, tena mtu wa mbali asiyeweza kujitetea. Angeweza kunyamaza na mambo yakaenda hivyohivyo.

Ndipo bibi akashusha pumzi. "Nipe hicho kidonge, Daktari. Mimi ni mzee, nasahau. Labda siku ile nilikula samaki mbaya. Karatasi hizi mjukuu wangu kaniombea mwenyewe, hawezi kuniletea kitu kibaya."

Na kweli bibi alinyoosha mkono kwenye bilauri ya maji.

"Usimeze, Bibi!"

Wote wakageuka. Briseida alisogea hadi kwenye kiti cha bibi. "Karatasi hizo si zako. Yule dada aliniuliza kama ulizaliwa mwaka arobaini na tisa. Nikasema ndiyo. Akataja Barabara ya Nane, nikasema tumehama. Nilidhani anatafuta sababu ya kutufukuza."

Kutoka chumba cha pili ilisikika mashine ya kusaga meno. Mjomba Cuco alivua kofia yake, akaitazama kana kwamba ameiona leo.

Daktari Arvizu hakumkemea. Alivuta kiti, akakaa ili macho yao yalingane. "Jina kamili la bibi yako ni nani?"

"Eulalia Bojórquez Tirado."

"Nadhani nimeelewa. Kule huchukua jina la mwisho wakafikiri ndilo la ukoo. Bibi yako huenda yuko kwenye herufi ya T, na huyu Eulalia wa Barabara ya Nane ni mtu mwingine kabisa. Jumamosi kliniki yao hufungwa saa sita mchana. Tuwapigie."

"Watakataa," alisema Mjomba Cuco, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

"Labda. Kwanza tuwaulize."

Daktari aliweka simu mezani ili wote wasikie. Briseida akaitambua sauti ya yule dada. Akasogea karibu na simu. "Mimi ni msichana wa jana. Nilikudanganya. Bibi yangu hakuzaliwa mwaka arobaini na tisa. Jina lake la mwisho ni Tirado, na alizaliwa mwaka hamsini na tatu, tarehe kumi na mbili Februari. Tuko Algodones kwa daktari, na hatujui dawa iliyomdhuru."

Upande wa pili zikasikika herufi zikibonyezwa.

"Nami nilikosea," yule dada alisema hatimaye. "Sikupaswa kukutajia mwaka. Nilipaswa kukuuliza, unitajie wewe. Tirado, Eulalia. Hamsini na tatu. Yupo."

Aliomba bibi atie sahihi fomu na daktari amtumie pamoja na picha ya kitambulisho. Hayo yalipofanyika, faili likaingia kwenye kompyuta ya daktari. Kabla ya kukata simu yule dada aliongeza, "Zile za jana mzirudishe Jumatatu bila kumwonyesha mtu. Ni siri ya mgonjwa mwingine. Na mwambieni bibi namtakia nafuu. Mama yangu naye hutibiwa hukohuko."

Mjomba Cuco akajikuna kisogo.

Daktari Arvizu alisoma ukurasa wa kwanza, akakichukua kile kidonge kilichokuwa kwenye kisahani, akakirudisha kwenye chupa yake na kuifunga. "Ni hii," alisema. "Imeandikwa kwa wino mwekundu. Ungeimeza, Bi. Eulalia, usingefika kwenye foleni ya mpakani."

Bibi alifanya ishara ya msalaba. Briseida akaanza kulia, na bibi akamvuta, akamkalisha ukingoni mwa kiti kile cha kulala.

Kazi iliendelea vizuri baada ya hapo. Daktari alipiga picha mpya, akamchoma bibi sindano ya ganzi, akautoa usaha, akampa dawa ya jamii nyingine isiyomdhuru. Mizizi ya jino angeitibu juma la pili. Alipomaliza alinawa mikono, akamwambia Briseida:

"Faili hukaa kwa daktari, lakini habari zilizomo ni za mgonjwa. Kuomba nakala ni haki yake, hata akiwa anahamia kwa daktari wa nchi nyingine. Haki haiibiwi, huombwa waziwazi. Taja jina lote, tarehe yote, na wakikosea uwasahihishe. Wakikuambia urudi siku nyingine, uliza kwa nini, au mtafute mkubwa wao. Ila usiseme ndiyo mahali pa hapana."

Foleni ya kurudi ilikuwa ndefu. Bibi alisimama katika kivuli cha ukuta, nusu ya mdomo wake bado imekufa ganzi, maneno yakitoka upande mmoja.

"Umenikasirikia, Bibi?"

"Nilikasirika kidogo, sasa imepita. Ungenyamaza ndipo ningekasirika, kama ningekuwa hai."

"Mimi ndiye niliyemtia sumu ya kushuku," alisema Mjomba Cuco. "Nilaumu mimi."

"Kushuku si dhambi, Cuco," alisema bibi. "Hata daktari alizishuku zile karatasi, ndiyo maana hakuharakisha kunipa dawa." Akamshika Briseida kidevu kwa vidole viwili. "Lakini tazama tofauti, mwanangu. Yeye aliposhuku, aliuliza. Wewe uliposhuku, ulijibu. Siku nyingine ukimshuku mtu, muulize mpaka ujue. Uongo wa kumlinda unayempenda huenda ukamuua yeye."

Foleni ikasogea. Bibi akamshika mjukuu wake mkono, na wote watatu wakasogea nayo.